Mlango Uko Upande Gani? Kuchagua Ndege ya Kupigia Picha Jeti Pwani ya Tanga

Ndege ambayo watu wa Tanga wameizoea machoni ni Cessna Caravan: injini moja, bawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, inatua na abiria wachache na kuondoka. Kwa hiyo mtu akitaka picha ya jeti ikiwa angani, na Mkondo wa Pemba uko chini yake, wazo la kwanza huwa hilo hilo: tukodi Caravan, tutoe mlango wa mizigo, mpiga picha akae pale, jeti ije ikae kando. Wazo si baya. Kasoro yake ni kwamba limeanzia kwenye ndege ya kamera, na hesabu hii huanzia kwenye jeti.

Kila ndege ina kasi ambayo chini yake bawa linaacha kubeba. Tuiite kasi ya kuporomoka. Kwa picha tunaitaka ile ya umbo safi, yaani magurudumu yamekunjwa na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) zimeingia ndani, maana hakuna mwenye jeti anayelipia picha ya ndege yake ikiwa imening'iniza miguu kama mwewe anayetaka kifaranga. Chukua jeti ndogo ya biashara ambayo kwa uzito wa siku hiyo huporomoka kwa noti 105. (Noti ni maili ya bahari kwa saa, kilomita 1.85, si zile za benki, ingawa na hizo zitatoka.) Hakuna rubani anayekaa karibu na mpaka huo, kwa hiyo zidisha kwa 1.3 upate 137. Kisha kumbuka kwamba kundi litapinda. Ndege ikilala upande kwa nyuzi 30, kasi ya kuporomoka hupanda kwa asilimia 7. Kwa nyuzi 45 hupanda kwa 19. Kwa nyuzi 60 kwa 41. Sisi tutabaki ndani ya 30, na hesabu inafika 147. Ongeza noti 15 za upepo wa ghafla na za kurekebisha nafasi, umefika 162. Chini ya hapo rubani wa jeti anaruka kwa roho juu, na rubani mwenye roho juu hakai mahali pamoja.

Rudia hesabu hiyo kwa jeti ya ukubwa wa kati inayoporomoka kwa noti 125, utapata 190. Boeing 737-800 yenye mzigo wa wastani haipendi kwenda chini ya noti 205 au 210 ikiwa imeingiza flapu zote. Ndege za kivita huanza kustarehe kwenye 250 na kwenda juu; ukizilazimisha ziende polepole zinainua pua mno, na picha inatoka kama mtu anayepanda ngazi.

Sasa rudi kwenye Caravan. Vipeperushi vya mauzo vinaitaja kwa noti 180 na ushei, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Namba hiyo ni kasi halisi ndani ya hewa nyembamba ya juu, si ile inayosomwa kwenye kipima kasi mbele ya rubani. Kwenye futi 10,000, noti 186 za kipeperushi zinasomeka karibu 160 kwenye kipima. Bawa nalo hujali ile ya kipima tu. Ndege mbili zinazoruka bega kwa bega zimo katika hewa moja, kwa hiyo linganisha kipima na kipima. Ukichanganya namba ya kipeperushi upande mmoja na namba ya kitabu cha rubani upande wa pili, umeshajidanganya kwa noti 25. Kikomo cha kudumu cha Caravan ni 175 kwenye kipima, lakini kwa kuruka bila kushuka injini yake haifiki huko. Toa mlango, na mkokoto wa hewa unakula noti nyingine. Halafu kitabu cha ndege kina nyongeza yake kwa kuruka bila mlango, na mara nyingi nyongeza hiyo ina kikomo cha kasi kilicho chini zaidi. Isome kabla ya kulipa malipo ya awali.

Kwa hiyo Caravan imeshindwa hata na ile jeti ndogo? Kwa namba zile, ndiyo. Lakini kuna milango miwili ya kutokea.

Wa kwanza ni uzito wa jeti. Kasi ya kuporomoka hufuata kipeuo cha pili cha uzito: punguza uzito kwa asilimia 20, kasi inashuka kwa karibu asilimia 11. Noti 105 zinakuwa 94, na baada ya hesabu ile ile tunafika 146 badala ya 162. Jeti ije bila abiria, bila mizigo, na mafuta ya kazi, ya kurudi nyumbani na ya akiba tu. Hapo nyumbani ndipo panapouma, kwa sababu uwanja wa Tanga ni wa ndege ndogo. Jeti itatoka Dar es Salaam, karibu kilomita 200 kusini, au Unguja, au Mombasa, kilomita 130 kaskazini, na lazima irudi huko ikiwa na akiba kamili. Jeti kwenye futi 7,000 inakunywa mafuta kuliko ikiwa futi 40,000. Nusu saa ya kazi pamoja ni mpango wa haki. Anayeahidiwa saa nzima aombe aone hesabu ya mafuta.

Wa pili ni kushuka. Kundi lianze futi 9,000 na kuteremka taratibu, futi 300 hadi 500 kwa dakika, mpaka 6,000. Ndege ya kamera inapata kasi ambayo injini yake isingeitoa, na kwenye picha mteremko huo haufahamiki kwa sababu ndege zote mbili zinauteremka. Kila mteremko unakupa dakika 6 hadi 10, kisha kupanda tena, na Caravan yenye mlango wazi kwenye joto la pwani hupanda kwa kusuasua. Nyuzijoto 32 pale uwanjani zinaifanya hewa iwe kama ya futi 2,000 kabla hata gurudumu halijaacha lami.

Kama kazi yenyewe ni jeti ya kati au kubwa, usiibembeleze Caravan. Pilatus PC-12 ina injini moja ya aina ile ile ya tabo, yaani tabini inayozungusha propela, lakini magurudumu yake yanakunjwa, na kikomo chake ni karibu noti 240. Beechcraft King Air 200 ya injini mbili inakwenda hadi karibu 260. Zote zinafanya kazi Afrika Mashariki na zote zinaweza kukaa kwenye 200 bila kuhema. Angalia vilevile kasi ya hewa mbovu, ile ambayo hutakiwi kuizidi ndege ikitikiswa sana, kwa sababu iko chini ya kikomo kwa kiasi kikubwa. Ukipanga kazi kwenye 215 na hewa ikachafuka, ndege ya kamera inatakiwa kupunguza mwendo wakati huo huo jeti haiwezi kupunguza, na kundi limevunjika lenyewe. Ndiyo maana mimi sihesabu pengo kati ya kasi ya chini ya jeti na kasi ya juu ya ndege ya kamera kuwa linatosha mpaka libaki na noti 20 za ziada asubuhi tulivu.

Cessna 206 naitaja kwa heshima tu. Ni ndege nzuri ya kupigia picha Caravan.

Huko Marekani kazi hii ina vifaa vyake. Beechcraft Bonanza A36 inapendwa kwa sababu milango yake miwili ya nyuma inatolewa na inaruhusiwa kuruka hivyo. Paul Bowen alijulikana kwa picha za jeti alizopiga kutoka kwenye mkia wa B-25, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, akiwa amekaa pale alipokaa mpiga bunduki na kuitazama jeti usoni. Ulaya hutumika Short Skyvan, sanduku lenye mabawa ambalo sehemu ya nyuma inafunguka yote, ila mwendo wake ni wa Caravan. Kwa sinema, Clay Lacy alitumia Learjet yenye darubini ya kupindisha mwanga iliyotokeza nje ya mwili wa ndege, na ndiyo iliyopiga picha za angani za filamu ya Top Gun ya mwaka 1986. Hizo zote ni za kujifunza. Kuleta Learjet ya namna hiyo Tanga kwa ajili ya picha ya ukutani ni kununua ng'ombe kwa ajili ya chai moja.

Kasi ikishapatikana, swali la pili ni tundu: utapiga kupitia wapi.

Mlango wazi ndio bora na hakuna mjadala. Hakuna kioo, hakuna mwangwi wa mwanga, hakuna rangi ya ajabu. Bei yake ni upepo, kelele na hatari. Kwenye futi 8,000 joto limeshuka kwa nyuzi 16 kutoka lile la uwanjani, na ukijumlisha upepo mtu wa Tanga atatetemeka, kwa hiyo koti na glavu nyembamba si mbwembwe. Kamera ibaki ndani ya mstari wa mlango kwa sentimita 15 au 20. Lenzi ikitokeza nje, upepo unaipiga kofi na hakuna mfumo wa kutuliza mtikisiko unaoweza kuificha kofi hiyo. Kofia ya lenzi iachwe chini, kichujio kilichofungwa kwa skurubu kitolewe, utepe wa kamera usiningʼinie. Mifuko yote iwe mitupu, hata ule wa simu. Kitu kikitoka mlangoni kinaelekea kwenye mkia wa ndege yako, na kama si mkia wako basi ni injini ya jeti. Mpiga picha avae mkanda wa mwili mzima, wenye kamba fupi iliyofungwa kwenye reli za viti sakafuni na kupimwa urefu ndege ikiwa chini: akinyoosha mwili wote, mabega yasivuke kizingiti. Mkanda wa kiti haufai peke yake, maana mkono unaotafuta kitufe cha kamera ukipapasa kiunoni unaweza kuufungua. Kisu cha kukata kamba kikae kwa mtu mwingine, si kwa mpiga picha.

PC-12 na King Air zina hewa ya kushindiliwa, milango yake haifunguliwi angani, kwa hiyo utapiga kupitia dirisha. Dirisha la ndege ni akriliki, si kioo. Huchubuka, huwa na mchirizi wa vitambaa vya kusafishia, na mara nyingi limejipinda kufuata mwili wa ndege. Ukilipiga kwa mshazari, ukali wa picha unaanguka upande mmoja. Chagua dirisha moja wiki moja kabla, lisuguliwe na fundi wa ndege kwa dawa ya akriliki, na siku ya kazi lisafishwe kwa kitambaa laini na maji, ndani na nje. Vaa nguo nyeusi mpaka mikono; shati jeupe litatokea kwenye picha kama mzimu juu ya bawa la jeti. Usitumie kichujio cha kupunguza mng'ao: akriliki iliyobanwa huonyesha mistari ya upinde wa mvua kupitia kichujio hicho. King Air ina mtego wake wa pekee, kwa sababu madirisha mengi ya abiria yana kioo cha ndani kinachozungushwa kupunguza jua, nacho ni kichujio cha namna hiyo hiyo. Fundi akitoe kabla ya safari. Watu wameruka, wamerudi, wamefungua picha kwenye kompyuta, na kukuta anga ya zambarau.

Halafu kuna moshi. Bomba la moshi la Caravan liko upande wa kulia tu, chini ya pua, kwa hiyo mlango wa mizigo ulio kushoto unaona hewa safi. PC-12 ina mabomba mawili, kulia na kushoto, na dirisha lililo nyuma ya bomba linaweza kutazama kupitia hewa ya moto inayocheza kama lami ya saa saba mchana. Dawa ni kumweka rubani wa jeti juu kidogo ya njia ya moshi, au kubadilisha dirisha. Bawa nalo lina sauti. Ndege ya bawa juu inaona vizuri jeti iliyo sawa nayo au chini yake. Ndege ya bawa chini inaona vizuri jeti iliyo sawa nayo au juu yake. Picha ya jeti kutoka juu, mabawa yote mawili yakionekana juu ya miamba ya matumbawe, ni kazi ya Caravan kuliko PC-12, na kama jeti ni nyepesi vya kutosha hiyo peke yake inaweza kuamua.

Jambo ambalo sijaona likipewa uzito wake ni upande wa mlango. Mlango wa mizigo wa Caravan uko kushoto. Wa PC-12 uko kushoto pia, ingawa dirisha unaweza kuchagua upande. Ule wa Cessna 206 na wa Bonanza A36 uko kulia. Upande huo ukishaujua, umeamua mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza ni nani anayeendesha jeti. Jeti ikiwa kushoto kwa ndege ya kamera, basi ndege ya kamera iko kulia kwa jeti. Kapteni wa jeti anakaa kushoto. Ili aione ndege anayojipanga nayo itabidi achungulie kupitia kiti cha mwenzake, na anachokiona kinakatwa na nguzo za kioo cha mbele. Kwa hiyo wa kiti cha kulia ndiye ashike usukani wakati wa picha, na awe amezoea kuruka kwa kundi, si kijana aliyepewa nafasi kwa sababu ndipo alipokaa. Kama mwenye uzoefu ni kapteni peke yake na hawezi kukaa kulia, ndege yako ya kamera inatakiwa iwe na tundu upande wa kulia. Hili huulizwa kwa simu, mapema, kwa maneno haya: “Kapteni, nani atakuwa anatuona?”

La pili ni saa na mwelekeo. Tanga iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 5, na jua letu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Saa mbili baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 30, na kuanzia hapo bawa linatupa kivuli ubavuni na tumbo la jeti linakuwa jeusi. Huchomoza karibu saa 12 asubuhi, likichelewa zaidi ya nusu saa mwezi Julai. Nafasi yako ya asubuhi ni kuanzia dakika 20 baada ya kuchomoza hadi kama saa 2 na robo. Ya jioni ni saa 10 na robo hadi magharibi. Asubuhi jua liko baharini. Ndege ya kamera ikae upande wa bahari, jeti upande wa nchi kavu, mwanga utoke mgongoni mwa mpiga picha, na nyuma ya jeti uwepo ufuo, mashamba ya mkonge na, ukibahatika, Usambara bila kilemba cha mawingu. Kwa mlango wa kushoto hiyo ina maana ya kuelekea kaskazini, kutoka Pangani kuja Tanga. Jioni geuza: kamera upande wa nchi kavu, jeti juu ya bahari, na mlango wa kushoto unatazama mashariki ukiwa unaelekea kusini. Kwa mlango wa kulia yote yanabadilika. Mtu akikupangia asubuhi, mlango wa kushoto, kuelekea kusini, ujue amekupangia kupiga picha dhidi ya jua.

La tatu ni mandhari ya nyuma wakati wa kupinda. Ndege ya kamera ikipinda kuelekea upande wa jeti, mlango unainama kutazama chini na jeti inapakwa rangi ya bahari. Ikipinda kwenda mbali na jeti, mlango unatazama juu na nyuma ya jeti kunakuwa anga. Hizo si picha mbili tu, ni kasi mbili. Kwenye noti 170 na mlalo wa nyuzi 20, duara lina nusu kipenyo cha karibu mita 2,100. Jeti iliyo mita 60 ndani ya duara inatakiwa iende noti 5 pungufu ya ndege ya kamera. Iliyo mita 60 nje iende noti 5 zaidi. Noti 5 ni ndogo kwenye karatasi, ila ukiwa umekodi Caravan na jeti iko kwenye ukingo wake wa chini, kila mpindo wa kuelekea jeti unazichukua noti ambazo huna. Kwa pengo finyu, pinda kwenda mbali na jeti, na picha za bahari nyuma zichukuliwe kwa kuiweka jeti chini kidogo ya mstari, si kwa kupinda.

Bahari yenyewe si moja. Karibu na Pangani, kuzunguka mchanga wa Kisiwa cha Maziwe na matumbawe yake, maji yana kijani na buluu vinavyotenganisha ndege nyeupe na mandhari. Bagamoyo, Mto Ruvu unamwaga tope, na wakati wa masika maji ya pale hubadilika kuwa chai ya maziwa. Lakini Bagamoyo ina mikoko na mabwawa ya chumvi yaliyokatwa vipande kama kanga, na iko karibu na Dar es Salaam kwa jeti isiyo na mafuta ya kupoteza. Kwa jeti nyeupe nenda Maziwe. Kwa jeti yenye rangi kali, mikoko ya Ruvu inaibeba vizuri zaidi. Kwa vyovyote usishuke chini ya futi 3,000. Ndege wenye manyoya wako huko.

Hewa nayo ina ratiba. Alfajiri kuna umande, upepo mwembamba utokao bara, na bahari imelala. Kufika saa 4 ardhi imepata moto, vifuko vya hewa vinapanda juu ya mashamba, na mawingu ya pamba yanaanza kujipanga juu ya ufuo. Kusi ikivuma kwa nguvu, hata asubuhi ina mtikisiko karibu na nchi kavu. Sogea baharini zaidi, kilomita 10 au 15.

Lenzi ni hesabu fupi. Jeti ya mita 15 ikiwa mita 60 kutoka kwako inajaza asilimia 70 ya upana wa fremu kwa lenzi ya milimita 100, kwa kamera yenye kihisio cha milimita 36. Boeing 737-800 yenye mita 39.5 ukiiweka mita 100, ni karibu milimita 63. Kwa hiyo lenzi moja ya 24-70 na moja ya 70-200, kwenye kamera mbili, ili usibadilishe lenzi mlangoni. Anayepiga kwa milimita 24 peke yake anaiita jeti ndogo ije mita 15, na kwa umbali huo kosa la sekunde moja halina pa kukimbilia. Shata ianzie 1/800. Jeti haina panga linalozunguka la kuonyesha mwendo, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda polepole kama unavyofanya kwa ndege ya propela, ila ukitaka ardhi ya nyuma ifutike, na hapo shuka hadi 1/125 na ukubali kutupa picha tisa kati ya kumi.

Watu ndani ya ndege ya kamera ni wanne: marubani wawili, mpiga picha, na mwangalizi anayeitazama jeti muda wote bila kamera mkononi. Mpiga picha hazungumzi na jeti. Anamwambia rubani wake, “ashuke mita 5, asogee mbele kidogo,” na rubani ndiye anayepitisha. Sauti mbili zikitoa amri kwa rubani mmoja, mojawapo itatiiwa wakati usiofaa. Ndege ya kamera huwa ndiyo kiongozi: inashika kasi moja, mwelekeo mmoja, na kutangaza kila mpindo kabla ya kuuanza. Jeti inakuja kutoka nyuma kwa pembeni, ikiizidi kwa noti 10 au chini yake, na inasimama kwanza mita 150 kabla ya kuruhusiwa kusogea.

Katika anga inayodhibitiwa, kanuni za kimataifa zinalihesabu kundi kuwa ndege moja mradi kila ndege haiachani na kiongozi kwa zaidi ya kilomita 1 kwa upana na futi 100 kwa wima. Kiongozi pekee ndiye anayewasha transponda, kifaa kinachoijibu rada. TCAS ya jeti, kifaa cha kuzuia ndege zisigongane, isiachwe katika hali ya kutoa amri. Kikiachwa kamili, kitaiona Caravan mita 60 pembeni na kumwamuru rubani apande au ashuke kwa nguvu, na atakuwa amefundishwa miaka mingi kutii bila kuuliza. Kupiga picha kwa malipo ni kazi za angani, si usafiri wa abiria, kwa hiyo hakikisha cheti cha mwenye ndege, mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kinaitaja kazi hiyo, na bima iseme kwa maandishi kwamba kuruka karibu kunafunikwa.

Tarehe 8 Juni 1966, California, ndege tano ziliruka pamoja kwa ajili ya picha ya tangazo la kampuni iliyotengeneza injini zake. Katikati ilikuwepo XB-70 Valkyrie, ndege ya mabomu ya majaribio, kubwa kuliko wenzake wote, na ndege ya kamera ilikuwa Learjet. Kazi ilikuwa inaelekea mwisho pale F-104, ndege ya kivita iliyorushwa na Joe Walker, iliyokuwa kando ya ncha ya bawa la Valkyrie, ilipogusana nayo, ikajikunja juu ya mgongo wake na kukata mikia. Walker na Carl Cross, rubani msaidizi wa Valkyrie, walikufa. Al White, rubani wake mkuu, alinusurika. Wengi wameeleza kisulisuli kinachotoka kwenye ncha ya bawa kubwa, hewa inayoviringika na kuvuta kilicho karibu, pamoja na ugumu wa Walker kuona alipo kuhusiana na bawa lile. Kwa kipimo chetu cha Caravan na jeti, somo lake ni la umbali na mahali: ndege ndogo haikai nyuma wala chini ya jeti, hata kwa picha moja, kwa sababu kisulisuli hushuka futi 300 hadi 500 kwa dakika nyuma ya bawa lililokizalisha, na kwa 737 kina nguvu ya kuipindua Caravan. Kama jeti inataka kwenda upande wa pili, ivunje kundi, iende mbali, ijiunge upya. Isipite chini ya tumbo la ndege ya kamera wala juu ya mgongo wake.

Neno la kuvunja kundi liwe moja, lifahamike na wote wanne wa ndege ya kamera na marubani wawili wa jeti, na mtu yeyote aweze kulitamka, hata mwangalizi. Likisikika, ndege ya kamera inanyooka na kubaki kwenye kimo chake. Jeti, ambayo ina nguvu, ndiyo inayoondoka: inageuka kwenda mbali na kuongeza kasi, na haishuki kupita mbele ya pua ya ndege ya kamera. Rubani wa jeti anasema “tumeachana, nawaona” au “tumeachana, siwaoni”. Akisema la pili, hakuna anayepinda mpaka kila mmoja ataje kimo chake, na futi 500 zimepatikana kati yao.